Kupanga madirisha kwenye skrini ya kompyuta: mwongozo wa hatua kwa hatua kwa anayeanza

Maswali ni yale yale. "Nilikuwa na fomu hapa, imeenda wapi?" "Nikifungua PDF, Excel inapotea." "Nimebonyeza kitu, sasa picha imejaa skrini yote na sioni pa kufungia." Anayeuliza anaweza kuwa mwalimu anayeingiza alama za mtihani, karani ofisini, kijana wa steshenari anayemjazia mteja fomu ya mkopo wa chuo, au mzazi aliyemnunulia mwanawe kompyuta ya mtumba. Shida yao ni moja: wanafungua dirisha juu ya dirisha, halafu muda unaishia kwenye kutafuta badala ya kufanya kazi.

Nimeandika kwa ajili ya Windows 10 na Windows 11, kwa sababu ndizo zilizo kwenye kompyuta nyingi za ofisi na za steshenari. Mwishoni nimeongeza maneno machache kwa wanaotumia Ubuntu na Mac.

Kuna jambo moja nalisisitiza kuliko yote yatakayofuata: vitu viwili unavyovilinganisha vikae vyote mbele ya macho yako kwa wakati mmoja. Chukua namba ya NIDA. Ina tarakimu 20. Mteja amekutumia picha ya kitambulisho kwa WhatsApp, nawe unajaza fomu kwenye tovuti. Unaitazama picha, unakariri tarakimu tano, unaficha picha, unarudi kwenye fomu, unaandika, unaifungua tena picha, unasahau uliishia wapi. Tarakimu nane za mwanzo ni mwaka, mwezi na siku ya kuzaliwa, kwa hiyo kosa la hapo unaweza kulishtukia. Zile 12 zinazobaki hazikuambii lolote. Ukiruka moja au ukigeuza mbili, fomu inakataliwa na wewe hujui kwa nini. Picha ikikaa kushoto na fomu kulia, kazi hiyo hiyo unaimaliza taratibu huku macho yakienda na kurudi, na mikono haitoki kwenye kibodi.

Unachohitaji kabla ya kuanza

Kwanza, ujue una Windows ipi. Shikilia kitufe cha Windows, gusa R, andika winver kisha bonyeza Enter. Kadirisha kadogo kitatokea na kukuonyesha. Kama ni Windows 10, usiwe na hofu: Microsoft waliacha kuitolea masasisho ya kawaida tarehe 14 Oktoba 2025, lakini karibu kila kitu kilichomo humu bado kinafanya kazi kwako vilevile. Panapotofautiana nitasema.

Pili, kitambue kitufe cha Windows. Kiko chini kushoto kwenye kibodi, jirani na Alt, na kina alama ya dirisha lenye vioo vinne. Ndicho tutakachokitumia zaidi.

Tatu, kipanya cha kawaida ukiwa nacho. Sehemu ya kugusa ya kompyuta mpakato inatosha, ila kuburuta dirisha kwa vidole kunahitaji mazoezi, na anayeanza huishia kuliachia mahali asipotaka.

Nne, hifadhi kazi yoyote iliyo wazi kwa Ctrl + S kabla hujaanza kujaribu. Kisha fungua vitu vitatu vya kufanyia mazoezi: Excel au Word, kivinjari kama Chrome au Edge, na folda yoyote.

Ukiona nimeandika Windows + D, maana yake shikilia kitufe cha kwanza bila kukiachia, gusa cha pili mara moja, kisha achia vyote. Watu wengi wanabonyeza vyote kwa mpigo, na cha pili kikitangulia hata kidogo hupati unachokitaka.

Hatua zenyewe

1. Vijue vitufe vitatu vya kona ya juu kulia. Kila dirisha lina kistari, kisanduku na X. Kistari kinalishusha dirisha hadi kwenye upau wa kazi, yaani ule mstari wa chini wenye aikoni. Programu bado inaendelea na kazi yako ipo. Kisanduku kinalipanua hadi lijae skrini, na ukikibonyeza tena linarudi kwenye ukubwa wake wa awali. X inafunga.

Kosa linalorudiwa sana: kubonyeza X kwa nia ya "kuondoa mbele" tu. Kwenye Word utaulizwa kama unataka kuhifadhi, na hapo angalau unayo nafasi ya kujiokoa. Kwenye kivinjari mara nyingi huulizwi. Fomu ya mtandaoni uliyoijaza nusu saa inaondoka na dirisha lake. Ukifunga kichupo (tab, yaani ukurasa mmojawapo kati ya iliyo wazi ndani ya kivinjari) kwa bahati mbaya, Ctrl + Shift + T hukifungua tena; kama ulifunga kivinjari kizima, kifungue kwanza. Lakini ulichokuwa umekiandika ndani ya fomu mara nyingi hakirudi. Ukitaka kuficha, tumia kistari.

2. Panua na urudishe bila kulenga vitufe vidogo. Bofya mara mbili kwenye kichwa cha dirisha, yaani ule ukanda wa juu kabisa wenye jina la faili. Linapanuka. Bofya mara mbili tena, linarudi. Kwa kibodi ni Windows + mshale wa juu, na Windows + mshale wa chini.

Dirisha lililopanuliwa haliwezi kubadilishwa upana kwa kuvuta ukingo wake. Ukiona ukingo haushikiki, lirudishe kwanza.

3. Gawa skrini nusu kwa nusu. Hii ndiyo hatua ya kuijua hata kama zingine zote utaziacha.

Bofya ndani ya dirisha la kwanza, tuseme lile lenye picha ya kitambulisho. Bonyeza Windows + mshale wa kushoto. Dirisha linakaa nusu ya kushoto, na upande wa kulia unaona madirisha mengine yaliyo wazi yakiwa madogo madogo. Bofya lile unalotaka likae kulia. Basi, umemaliza. Ukipenda kibodi, chagua kwa mishale kisha Enter. Ukitaka kulia pabaki kama palivyokuwa, bonyeza Esc.

Kwa kipanya: shika kichwa cha dirisha, liburute hadi mshale wenyewe wa kipanya uguse ukingo wa kushoto au wa kulia wa skrini. Utaona kivuli cha nusu skrini. Achia. Anayeanza huburuta hadi ukingo wa dirisha ndio uguse skrini, kisha anashangaa mbona hakuna kilichotokea. Kinachohesabika ni mshale wa kipanya.

Usiburute hadi ukingo wa juu kama hutaki dirisha lijae skrini. Ukigusa juu, Windows inaelewa unataka kupanua, na Windows 11 itakushushia michoro ya mipangilio.

Kama vitu viwili unavyovitaka viko ndani ya kivinjari kimoja, kwa mfano WhatsApp Web na tovuti yenye fomu, vitengane kwanza. Shika kichupo kimoja kwa jina lake, kivute kuelekea chini nje ya mstari wa vichupo, uachie. Kinakuwa dirisha linalojitegemea. Hapo mbinu ya nusu kwa nusu inafanya kazi. Wengi wanakwama hapa kwa sababu wanadhani vichupo viwili ni madirisha mawili.

4. Rekebisha mpaka wa katikati. Si lazima iwe nusu sawasawa. Peleka mshale kwenye mpaka kati ya madirisha mawili hadi ugeuke kuwa mshale wenye ncha mbili, kisha buruta. Upande mmoja unapanuka na mwingine unapungua kwa pamoja. Picha ya kitambulisho haihitaji nusu nzima. Iachie theluthi, fomu ichukue zilizobaki.

Jambo hili lina uzito kwenye kompyuta mpakato nyingi za bei nafuu, ambazo skrini yake ina upana wa piseli 1366 (piseli ni vinukta vinavyounda picha ya skrini). Ukigawa katikati, kila upande unapata 683 tu. Tovuti nyingi kwa upana huo zinajigeuza na kuonekana kama kwenye simu: menyu inajificha ndani ya vistari vitatu, safu zinapangana moja chini ya nyingine. Tovuti haijaharibika. Ipe upana zaidi, au punguza maandishi kwa Ctrl na kitufe cha kutoa. Ctrl + 0 inarudisha ukubwa wa kawaida.

5. Robo skrini. Dirisha likiwa tayari nusu ya kushoto, bonyeza Windows + mshale wa juu, nalo linapanda robo ya juu kushoto. Kwa kipanya, buruta hadi kwenye kona. Kwa skrini ndogo siipendekezi robo nne, hakuna kitakachosomeka. Ila nusu moja na robo mbili zinafaa hata hapo: Excel nusu nzima, upande wa pili kikokotoo juu na orodha ya mafaili chini.

6. Kwa Windows 11: Windows + Z. Bonyeza, au uweke mshale juu ya kile kisanduku cha kupanua bila kubofya. Inatokea michoro ya mipangilio: nusu mbili, theluthi mbili kwa theluthi moja, robo nne. Bofya kipande unachotaka dirisha lako likae, kisha chagua la kipande kinachofuata. Kwenye skrini pana utaona pia mipangilio ya safu tatu. Kwenye ndogo haitokei, na hiyo si hitilafu.

Windows 11 pia inakumbuka madirisha uliyoyapanga pamoja. Ukienda kwenye programu nyingine kisha ukaweka mshale juu ya aikoni ya mojawapo kwenye upau wa kazi, utaona kundi lote likiwa na picha yake. Bofya kundi, yote yanarudi mahali pake.

7. Hama kati ya madirisha bila kuyatafuta. Shikilia Alt, gusa Tab. Ukiachia mara moja unarudi kwenye dirisha ulilokuwa nalo kabla ya hili. Ukiendelea kushikilia Alt na kugusa Tab tena na tena, unapita kwenye yote. Achia ukifika unapotaka. Ukipitiliza, ongeza Shift ili urudi nyuma.

Kama madirisha ni mengi, Windows + Tab inayatandaza yote na unachagua kwa kubofya. Na kwa programu unazozitumia kila siku, zibandike kwenye upau wa kazi: bofya aikoni kwa kitufe cha kulia cha kipanya, chagua "Pin to taskbar". Kisha Windows + 1 inafungua ya kwanza kutoka kushoto, Windows + 2 ya pili, na kuendelea. Mimi hupanga kivinjari kiwe cha kwanza na folda ya pili, na sibadilishi mpangilio huo, kwa sababu vidole vinakariri.

8. Safisha meza mara moja. Windows + D inashusha kila kitu na kukuonyesha eneo kazi (desktop), yaani ile skrini ya mwanzo isiyo na dirisha lolote. Bonyeza tena, yote yanarudi. Windows + Home inashusha mengine yote na kuacha lile unalolifanyia kazi tu.

9. Pata nafasi ambayo tayari unayo. Kabla hujafikiria kununua skrini kubwa, angalia kinachokula nafasi.

Kwenye Word na Excel, ule utepe mpana wa vitufe juu unaweza kufichwa kwa Ctrl + F1. Yanabaki majina tu. Ukibofya jina, utepe unashuka, ukimaliza unajificha. Kwenye skrini yenye kimo cha piseli 768 utapata mistari kadhaa zaidi ya jedwali, na kwa anayeingiza alama za darasa lenye wanafunzi wengi hiyo ni nafuu kubwa.

Kwenye kivinjari, F11 inaondoa kila kitu isipokuwa ukurasa. F11 tena inarudisha. Kwenye kompyuta mpakato nyingi itabidi ushikilie Fn pamoja na F11, vinginevyo utapandisha sauti au utaongeza mwanga.

Upau wa kazi wenyewe unaweza kujificha. Bofya kwa kitufe cha kulia mahali patupu juu yake, ingia "Taskbar settings", na kwenye Windows 11 fungua "Taskbar behaviors". Weka alama kwenye "Automatically hide the taskbar". Utajitokeza ukipeleka mshale chini kabisa. Kwenye kompyuta inayotumiwa na watu wengi usifanye hivi, maana anayekuja baada yako atadhani mashine imeharibika.

Halafu kuna ukubwa wa maandishi ya kompyuta nzima. Bofya kwa kitufe cha kulia mahali patupu kwenye eneo kazi, chagua "Display settings", tafuta "Scale". Ikiwa ni 150%, kila kitu kimekuzwa mara moja na nusu na nafasi yako imepungua. Jaribu 125% au 100%, kwa kadiri macho yako yanavyoruhusu. Usijiumize macho kwa ajili ya nafasi. Anayekaa mbele ya skrini kutwa nzima anahitaji maandishi anayoyasoma bila kukunja uso.

Tahadhari: hapo chini ya "Scale" kuna "Display resolution". Hiyo iache kwenye ile iliyoandikwa "Recommended". Watu huishusha ili maandishi yawe makubwa, na matokeo yake herufi zinakuwa na ukungu na picha zinatanuka. Ukitaka vitu viwe vikubwa, badilisha "Scale".

10. Faili moja, madirisha mawili. Unaandika ripoti ndefu kwenye Word na unataka kuona ukurasa wa 2 ukiwa unaandika wa 14. Nenda "View", bofya "New Window". Faili lile lile linafunguka mara ya pili. Yapange nusu kwa nusu kama hatua ya 3. Unachoandika kwenye moja kinaonekana kwenye lingine, kwa sababu faili ni moja. Excel nayo inafanya hivyo hivyo, na ina "View Side by Side" kwa ajili ya kulinganisha majedwali mawili. "Synchronous Scrolling" ikiwa imewashwa, ukishusha moja la pili linafuata. Kwa anayekagua orodha ya mishahara ya mwezi uliopita na ya mwezi huu, sijui njia nyingine iliyo nyepesi kama hii.

Ukiwa hapo hapo kwenye "View" ya Excel, kuna "Freeze Panes". Simama kwenye seli iliyo chini ya mstari wa vichwa na kulia kwa safu ya majina, kisha chagua "Freeze Panes". Hata ukienda hadi somo la kumi na mwanafunzi wa hamsini, jina la mwanafunzi na jina la somo havitoki machoni. Alama nyingi zinazoingia kwa mwanafunzi asiye wake zinaingia kwa sababu safu ya majina ilishapotea upande wa kushoto.

11. Tenga kazi kwa maeneo kazi tofauti. Windows 10 na 11 zinakuruhusu kuwa na eneo kazi zaidi ya moja kwenye skrini hiyo hiyo. Windows + Ctrl + D inatengeneza jipya, tupu. Windows + Ctrl + mshale wa kulia au wa kushoto inakuhamisha. Kazi ya ofisi ikae la kwanza, barua pepe na WhatsApp la pili. Ukitaka kuhamisha dirisha, bonyeza Windows + Tab na uliburute hadi juu ya eneo kazi unalolitaka.

Kufunga eneo kazi kwa Windows + Ctrl + F4 hakufungi programu zake; zinahamia eneo kazi la jirani. Lakini kuwa makini usije ukachanganya vitufe ukabonyeza Alt + F4, maana hiyo inafunga programu uliyo nayo mbele.

12. Skrini ya pili. Runinga yenye tundu la HDMI, au skrini ya zamani ya kompyuta ya mezani, inatosha. Chomeka waya, kisha bonyeza Windows + P. Una chaguo nne. "PC screen only" ni skrini yako peke yake. "Duplicate" inaonyesha kitu kile kile kote. "Extend" inaifanya ya pili kuwa mwendelezo wa ya kwanza. "Second screen only" inazima ya kwako.

Kwa kazi, chagua "Extend". Kisha kwenye "Display settings" utaona visanduku viwili, 1 na 2. Viburute vikae kama skrini zilivyo mezani: kama ya pili iko kushoto kwako, kisanduku chake kiwe kushoto. Ukiacha kinyume, mshale wa kipanya utagoma kuvuka upande unaoutarajia. Windows + Shift + mshale wa kulia au wa kushoto unalirusha dirisha kutoka skrini moja hadi nyingine.

Unapowasilisha mbele ya watu kwa projekta, hapa pia chagua "Extend" na uache slaidi peke yake upande wa projekta. Ukichagua "Duplicate", kila ujumbe wa WhatsApp unaojitokeza kwenye kona unasomwa na ukumbi mzima, pamoja na majina ya mafaili yaliyo kwenye eneo kazi lako. Kwa daktari, mhasibu au mwalimu mwenye taarifa za watu wengine, hilo si jambo dogo.

Mambo yakikwama

*Programu inaonekana kwenye upau wa kazi lakini dirisha halionekani popote.* Mara nyingi hutokea ukishachomoa skrini ya pili: dirisha limebaki kule ambako hakuna skrini tena. Lichague kwa Alt + Tab. Bonyeza Alt + Space, kisha M. Gusa mshale wowote wa kibodi mara moja, halafu sogeza kipanya bila kubofya; dirisha litafuata mshale. Likifika pazuri, bofya. Kama M haikubali, dirisha limepanuliwa: bonyeza Alt + Space kisha R kwanza, urudie. Windows + Shift + mshale wa pembeni nayo mara nyingi hulirudisha.

*Kichwa cha dirisha kimepanda juu ya skrini, siwezi kukishika.* Windows + mshale wa juu. Likijaa skrini, vitufe vitaonekana.

*Nikiburuta hadi ukingoni, dirisha haligawanyiki.* Fungua "Settings", "System", "Multitasking", na uangalie kama "Snap windows" imewashwa. Ikiwa imewashwa na dirisha moja tu ndilo linalogoma, huenda lilitengenezwa lisibadilike ukubwa, kama yale madogo ya kusakinishia programu. Hayo yaache.

*Nilikuwa nasogeza dirisha, mengine yote yakajishusha.* Umelitikisa. Windows ikiona dirisha linatikiswa kwa kichwa chake, inashusha mengine. Windows 10 ina tabia hiyo tangu mwanzo, kwenye Windows 11 kwa kawaida huwa imezimwa. Litikise tena yarudi.

*Hakuna X, hakuna upau wa kazi, ukurasa umejaa skrini nzima.* F11, au Fn + F11. Kama ni video, Esc.

*Kila kitu kimekuwa kikubwa ghafla.* Kama ni ndani ya kivinjari tu, Ctrl + 0. Kama ni skrini nzima na inakimbia kila unaposogeza kipanya, umewasha kioo cha kukuzia bila kujua. Windows + Esc inakizima.

*Skrini imelala ubavu au imepinduka.* "Display settings", "Display orientation", chagua "Landscape". Kipanya kitakusumbua kwa sababu kinaenda kinyume na mkono wako, kwa hiyo sogea kwa Tab na mishale.

*Nimechagua "Second screen only" na sasa sioni kitu.* Chomoa waya wa skrini ya pili. Kompyuta yenyewe itarudi kwenye skrini yake.

*Upau wa kazi umepotea au hauitikii.* Bonyeza kitufe cha Windows. Ukijitokeza, umewekwa kujificha, rudi hatua ya 9. Kwenye Windows 10 unaweza pia kuwa umeburutwa ukahamia pembeni au juu: ushike mahali patupu, uuvute chini, kisha bofya kwa kitufe cha kulia na uchague "Lock the taskbar". Ukiwa upo lakini umeganda, bonyeza Ctrl + Shift + Esc, tafuta "Windows Explorer" kwenye orodha, ibofye kwa kitufe cha kulia, chagua "Restart". Skrini itamulika kidogo na upau utarudi. Programu zako zingine haziguswi, ila madirisha ya folda yanaweza kufungwa.

*Alt + Tab inaonyesha vitu vingi mno.* Edge inaweza kuhesabu kila kichupo kama dirisha. Kwenye "Multitasking" pale pale kuna chaguo la vichupo kwenye Alt + Tab, weka visionyeshwe.

*Dirisha limekuwa jeupe na limeandikwa "Not Responding".* Subiri kwanza, hasa kama ni Excel yenye jedwali kubwa au kompyuta yenye RAM ndogo. Kuligonga gonga kunaongeza kazi. Likishindikana kabisa, Ctrl + Shift + Esc, lichague, "End task", ukijua kwamba ambacho hukuhifadhi kinaweza kupotea. Word na Excel mara nyingi hukuletea nakala iliyookolewa ukizifungua tena. Isome yote kabla ya kuifuta, usiitupe kwa haraka.

Kwa wenye Ubuntu na Mac

Ubuntu yenye GNOME (mwonekano wake wa kawaida) inatumia kitufe kile kile cha Windows, huko kinaitwa Super: Super + mshale wa kushoto au wa kulia kwa nusu, Super + mshale wa juu kupanua. Ukikwama na dirisha lililotoka nje ya skrini, Alt + F7 inakuruhusu kulisogeza kwa kipanya.

Mac ilipata ugawaji wa kuburuta hadi ukingoni kwenye macOS Sequoia ya mwaka 2024. Kwa kibodi, shikilia fn na Control, kisha gusa mshale wa kushoto au wa kulia. Kama Mac yako ni ya toleo la kabla ya hapo, weka mshale juu ya kile kitufe cha kijani cha kona ya juu kushoto bila kubofya, au ushikilie, uchague upande. Mac itagawa skrini mara mbili, ingawa upau wa juu na Dock vitajificha hadi utakapotoka.